Kunyonyesha ndani ya arubaini: mwongozo kwa mzazi wa Lamu na walio naye

Mwanangu wa kwanza alionja maji ya sukari kabla hajashika ziwa langu vizuri. Ilikuwa msimu wa kusi, nimerudi nyumbani kwa boti na mtoto wa siku moja, na usiku ule alilia hata majirani wakagonga mlango. Kikombe kikaletwa, kijiko kikachovywa, akanyamaza. Kesho yake kikombe kikarudi. Siku ya kumi alikuwa ananyonya maziwa ya kopo kwa chupa, na mimi nimeshaamini kwamba kifua changu hakina kitu. Waliomfuata wote nimewanyonyesha miaka miwili miwili. Kifua ni kilekile. Kilichobadilika ni yale niliyoyajua, na watu niliowaweka karibu yangu.

Kwa hiyo ninaandika kwa mzazi, kwa maana yetu ya pwani, yaani mwanamke aliyejifungua majuzi na yumo ndani ya arubaini yake. Pia ninaandika kwa mama yake, mavyaa yake, wifi zake na mumewe, maana katika nyumba zetu mzazi hanyonyeshi peke yake.

Ushauri wa afya ni mfupi: mtoto ashike ziwa ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6 bila hata tone la maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Sasa tazama arubaini yetu. Siku 40 mzazi hapiki, hafui, haendi sokoni. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa leso, hupikiwa uji na supu, hulala na mwanawe ubavuni. Hakuna hospitali inayoweza kumpa mwanamke mazingira bora zaidi ya hayo ya kunyonyesha. Kasoro ya arubaini ni ndogo, ni kile kikombe. Kiondoe, vingine vyote acha kama vilivyo.

Hatua ya kwanza: zungumza na wakubwa kabla ya uchungu

Mimba ikifika mwezi wa nane, usingoje tena. Usiku wa kwanza wa mtoto kulia si wakati wa kubishana na mavyaa, kwa sababu wewe umechoka na yeye ana hofu, na mwenye hofu hushika kile anachokijua.

Mwendee akiwa ametulia, baada ya alasiri, na usimwendee kwa kumfundisha. Mwombe kazi. "Mama, nina jambo nataka unisaidie. Kliniki wamesema mtoto asipewe chochote ila ziwa mpaka miezi sita. Mimi nitakuwa na uchungu na usingizi, sitakuwa na nguvu ya kuwakataza watu. Nataka wewe ndiye uwe mlinzi wa mwanangu." Nimeona mabibi waliokuwa wa kwanza kushika kijiko wakageuka kuwa walinzi wakali kuliko nesi yeyote, kwa kuwa waliheshimiwa na wakapewa cheo. Akiweza, nenda naye kliniki siku moja, amsikie mkunga mwenyewe.

Mpe pia kazi za mikono: kumwogesha mtoto, kumcheulisha, kumbeba ukiwa unalala. Kikombe cha maji mara nyingi ni njia ya bibi kutaka kuwa na sehemu yake kwa mjukuu. Akiwa na sehemu nyingine, kikombe hakihitajiki.

Na akikuambia kwamba hakuna anayefanya hivyo, mjibu kwa upole kwamba wanafanya. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2008 hadi 2009 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miezi 6, ni 32 tu waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Ule wa 2014 ulikuta 61, na wa 2022 ukakuta 60. Ni wengi zaidi ya nusu, na wanakua.

Hatua ya pili: saa ya kwanza

Mtoto akitoka, akipanguswa, awekwe juu ya kifua chako ngozi kwa ngozi, mfunikwe nyote wawili. Hii humtia joto, na mara nyingi atatambaa mwenyewe kutafuta chuchu. Uliyepasuliwa nawe mwombe mkunga akusaidie mara tu unapojitambua, kwani upasuaji haukaushi maziwa. Baba anaweza kumwadhinia mtoto akiwa palepale kifuani, hakuna kinachozuia.

Tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga tende iliyotafunwa kwenye kaakaa, ina mahali pake katika dini yetu na sitaki kuipita kimya. Wahudumu wa afya hushauri mtoto asipewe kitu chochote kabla ya ziwa. Wewe na mumeo mkishikilia kuifuata sunna, basi ziwa litangulie, kisha anayeifanya awe mzima wa afya, asiye na kidonda mdomoni wala kikohozi, anawe mikono kwa sabuni, na iwe ni alama tu ya tende laini kwenye kaakaa, mara moja, basi. Maji ya tende ya kikombe ni jambo jingine na hayamo katika sunna hiyo. Asali usimpe kabisa hadi atimize mwaka 1. Ndani yake huweza kuwemo vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini tumboni mwa mtoto mchanga huzaa sumu inayolegeza misuli hata ya kupumulia.

Maziwa ya kwanza ni mazito, ya manjano, machache. Wazee huyaita dang'a, na wako waliozoea kuyakamua na kuyamwaga wakiyaona machafu. Usiyamwage. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto siku ya kwanza hupokea kiasi cha kijiko kimoja cha chai au kidogo zaidi kwa mnyonyo mmoja, na yamejaa kinga dhidi ya maradhi. Pia hulainisha tumbo ili kile choo cheusi cha mwanzo kitoke.

Hatua ya tatu: mkao

Hapa ndipo wengi tunapoharibikiwa, na ndipo ningependa ukae zaidi. Mtu aliyeona nyanya na shangazi wakinyonyesha hudhani ataweza tu. Kunyonyesha hufunzwa, kama kusuka mkeka.

Kaa mgongo wako ukiegemea ukuta au mto, miguu iwe na pa kukanyaga. Usiinamie mtoto, mlete yeye kwako. Mlaze ubavu, tumbo lake liguse tumbo lako, ili sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja. Jaribu wewe mwenyewe kumeza maji shingo ikiwa imepinda, utaelewa anachopata mtoto aliyelazwa chali kisha akageuzwa kichwa tu. Shika mabega na mgongo wake kwa kiganja, usimsukume kisogo, maana akisukumwa kisogo hujirusha nyuma.

Pua yake iwe mkabala na chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu na ungoje. Ungoje hasa, mpaka apanue kinywa kama anayepiga mwayo. Hapo ndipo umvute upesi, kidevu kikitangulia. Akishika vizuri utaona kidevu kimezama ndani ya ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Utasikia anavuta polepole, anameza, anapumzika, anavuta tena. Ukisikia mlio kama wa kubusu, au mashavu yanabonyea ndani, au unaumwa baada ya nusu dakika ya kwanza, ameshika chuchu peke yake. Mtoe kwa kutia kidole chako kisafi pembeni mwa kinywa chake, kisha anza upya, hata kama ni mara tano. Usivumilie maumivu ukidhani ndiyo uzazi.

Usiku lala ubavu na mtoto ubavu, mkitazamana, bila mito karibu na uso wake. Mzazi aliyepasuliwa huona mkao huu una nafuu, au ule wa kumpakata mtoto kwapani, miguu yake ikielekea nyuma, ili asiguse mshono.

Acha amalize ziwa la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Mpe kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Usingoje kilio. Mtoto mwenye njaa kwanza huzungusha kichwa, hutoa ulimi, hutia mkono kinywani. Kilio ni cha mwisho, na anayelia hashiki vizuri.

Hatua ya nne: usiku wa pili na wa tatu

Usiku wa pili karibu kila mtoto hulia na kutaka ziwa bila kukoma. Huu ndio usiku wa kikombe. Jua hili mapema: mtoto anayenyonya mfululizo anaagiza maziwa. Mwili wako hutengeneza kulingana na kinachotolewa, na homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Akipewa maji ya sukari, tumbo linajaa, analala, agizo halifiki, na kesho maziwa yanakuwa haba kweli. Hivyo ndivyo kifua changu "kilivyokauka" mara ya kwanza.

Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 5. Kupima kama anatosheka, tazama nepi. Baada ya siku ya 5 akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, na choo kimegeuka kutoka cheusi kuwa cha manjano, anashiba. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na kufikia wiki ya pili huwa amerudisha uzito wa kuzaliwa. Matiti kuwa laini baada ya wiki kadhaa hakumaanishi yameisha, ni kwamba yamemzoea mwenyewe.

Hatua ya tano: "Mwana ana nyota, mpeni mai"

Nyota ni kiu na mai ni maji, kwa wasiojua Kiamu. Joto la hapa mwezi wa Machi linamtoa jasho hata aliyelala, na ni haki bibi kuuliza mtoto atakunywa nini. Atakunywa ziwa. Katika sehemu 100 za maziwa ya mama, karibu 87 ni maji, tena maji safi yasiyopitia mtungi wala ndoo. Maziwa ya mwanzo wa mnyonyo ni mepesi na hukata kiu, yanayofuata huwa mazito na hushibisha. Siku ya joto mpe mara nyingi zaidi.

Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na vingine vingi kisiwani maji yake ni ya chumvi. Mtu mzima ameyazoea. Utumbo wa mtoto wa wiki mbili bado, na kuhara kunamkausha kwa saa chache. Mwenye haki ya maji ni mzazi: weka jagi karibu na unaponyonyesha, unywe kila mara unapomnyonyesha.

Dawa za chango, maji ya mizizi na zile dawa tamu za gesi za dukani ziingie katika hesabu hiyohiyo. Mtoto anayejinyonga tumbo jioni mcheulishe begani, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mtembeze barazani.

Hatua ya sita: ukiumwa

Chuchu ikipasuka, rekebisha mkao kwanza, maana chanzo kiko hapo mara nyingi. Paka tone la maziwa yako mwenyewe likauke, na usioshe chuchu kwa sabuni kila mara. Ziwa likijaa hadi likawa gumu kama nazi, kamua kidogo mpaka weusi ulegee, ndipo mtoto aweze kushika, na baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha maji baridi. Ukiona sehemu moja nyekundu, ya moto, inauma, na homa na baridi vimekushika, endelea kunyonyesha upande huohuo na uende hospitali siku hiyo. Kuacha kunyonyesha ndiko kunakogeuza uvimbe kuwa jipu. Mkandaji asiliminye ziwa kwa nguvu.

Hatua ya saba: maneno utakayoambiwa

Utaambiwa maziwa yamechacha kwa sababu umetoka juani. Maziwa hayakai kifuani kama kwenye kibuyu, hayachachi. Ukitoka juani kaa kidogo, kunywa maji, mpe.

Utaambiwa juu ya kubemenda, kwamba mume akimkaribia mkewe anayenyonyesha mtoto atadhoofika. Jirani zetu Wagiriama wana neno lao la jambo kama hilo, chirwa. Sicheki imani hii, maana ndani yake kuna busara ya kumpumzisha mwanamke na kutenga mimba. Lakini manii hayaingii katika maziwa. Madhara makubwa ya imani hii ni pale mtoto mgonjwa anapofichwa ndani kwa aibu ya wazazi badala ya kupelekwa hospitali. Mtoto akikonda, anahitaji daktari, na mama yake hahitaji kulaumiwa. Kuhusu kutenga mimba, kunyonyesha kwenyewe kunasaidia: mtoto akiwa chini ya miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya ziwa pekee mchana na usiku, kinga hufika asilimia 98. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine kliniki.

Kama una hofu ya jicho, jifunike buibui au leso unaponyonyesha mbele za watu. Ni sitara yako, na mtoto anashiba.

Na mama anayeishi na virusi vya ukimwi naye hunyonyesha hapa Kenya: dawa zake kila siku bila kukosa, mtoto apewe zake kama atakavyoelekezwa, na maziwa ya mama pekee miezi 6. Kuchanganya ziwa na vyakula vingine katika miezi hiyo ndiko kunakoongeza hatari.

Hatua ya nane: chakula cha mzazi

Kula ushibe. Samaki, mbaazi za nazi, mchicha, mayai, matunda, supu ya pweza ukiipenda. Uji wa pilipili manga hauna neno. Hakuna chakula kimoja kinachojaza ziwa peke yake, kinacholijaza ni mtoto kunyonya. Ramadhani ikikukuta, dini imekuruhusu kufungua ukihofia nafsi yako au mwanao, ukalipe baadaye. Na Qur'ani, Sura ya Baqara aya ya 233, inapotaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, imemtaja baba papo hapo: chakula na mavazi ya mama ni juu yake. Basi baba akaulize samaki sokoni.

Hatua ya tisa: arubaini ikiisha

Ukirudi kazini, dukani au shambani, jifunze kukamua kwa mkono wiki mbili kabla. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu ya weusi na cha shahada chini, sukuma kuelekea kifuani, kisha minya vidole vikutane, achia, rudia. Usiburute vidole juu ya ngozi. Zunguka pande zote. Mwanzo hutoka matone, ngoja, mchirizi utakuja. Kamulia katika chombo cha mdomo mpana kilichochemshwa, kifunikwe. Kwa joto letu yatumike ndani ya saa 4 yakiwa nje, au yawekwe ndani ya friji. Mwenye kubaki na mtoto ampe kwa kikombe kidogo, ampakate wima, kikombe kiguse mdomo wa chini na mtoto alambe mwenyewe. Chupa ni ngumu kuisafisha na humfunza kushika vibaya.

Ukiajiriwa, sheria ya kazi ya 2007 inakupa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia. Uliza, hata kama utakuwa wa kwanza kuuliza. Na sheria ya 2012 imekataza maziwa ya kopo kutangazwa kwa wazazi au kugawiwa bure kama sampuli. Anayekuletea kopo la zawadi wodini anavunja sheria.

Akitimiza miezi 6 anza uji mzito, ndizi iliyopondwa, samaki aliyetolewa miiba yote, huku ziwa likiendelea. Kumlikiza ni polepole, mnyonyo mmoja baada ya mwingine, si kupaka shubiri usiku mmoja.

Wakati wa kukimbia

Mtoto akikataa ziwa kabisa, akiwa na homa au amepoa kupita kiasi, akipumua kwa kasi, akigeuka manjano hadi viganja na nyayo, akishtukashtuka viungo, au nepi imekaa kavu kwa saa nyingi, usingoje dawa ya nyumbani wala asubuhi. Mjini nenda hospitali ya King Fahd, Pate na Kizingitini ya karibu ni Faza, bara ni Mpeketoni au Witu. Chukua kitabu cha kliniki. Baba akatafute boti huku mwingine anakutayarishia leso mbili. Moja mfunge nayo mtoto kifuani pako, ngozi kwa ngozi, ya pili jifunike kichwani hadi kiunoni upepo usimpige. Kaeni nyuma ya boti ambako hakurushi maji, na kama bado ana nguvu ya kuvuta, mpe ziwa njia nzima.